Doa jeusi: kukwangua, kutoboa, kukata lote au leza?

Mtu_Kimya: Wakuu, salaam. Nina chunjua jeusi nataka kuliondoa. Daktari kanipa njia tatu: alikwangue juu kwa wembe, atoboe tundu dogo achukue kinyama cha kupima, au alikate lote ashone. Rafiki yangu anasema leza ndiyo mpango mzima, hakuna uzi wala nini. Miadi ni keshokutwa. Mngechagua ipi?

Binti_Makini: Liko wapi? Lina muda gani? Limebadilika? Wewe ni kama mtu anayeuliza nauli bila kusema anakokwenda.

Fundi_Nyuzi: Kukata lote, sina mjadala. Doa la kutilia shaka hutolewa zima na ukingo mwembamba wa ngozi safi, milimita 1 hadi 3, maabara waone mpaka chini. Ikiwa ni melanoma, yaani saratani hatari ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, kina chake ndicho kinachoamua upasuaji unaofuata uwe mpana kiasi gani. Wembe ukipita katikati, hicho kina utakipimia wapi?

Zulekha2: Fundi, usitishe watu. Madoa mengi hayana neno. Langu la mgongoni lilikwanguliwa, sindano ya ganzi iliuma kuliko wembe wenyewe, wiki ya pili nimeshasahau.

Babu_Kijiwe: Lifungeni uzi, litadondoka lenyewe.

Binti_Makini: Shikamoo Babu, lakini hapana.

Nilichomwa: Ngojeni niwasimulie ya leza. Nilikuwa na doa shavuni, linanikera kila nikipigwa picha. Nikaenda kliniki moja ya urembo. Aliyenihudumia hakuuliza hata lilianza lini. Nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, kikabaki kigaga, nikarudi nyumbani natabasamu. Miezi minane baadaye likarudi, rangi mbili, ukingo umekatikakatika. Daktari wa ngozi akaniuliza, "La kwanza majibu ya maabara yalisemaje?" Nikabaki namtazama. Leza inaunguza, haiachi kitu cha kupeleka maabara! Likakatwa, na daktari akaandika kwenye fomu kwamba lilishachomwa, maana doa lililorudi linaweza kufanana na melanoma hata chini ya darubini. Siku 12 nasubiri majibu, simu ikilia tumbo linanikata. Lilikuwa salama, ila kovu sasa ni kubwa kuliko doa.

Kamusi_Hai: Mleta mada, chunjua huletwa na kirusi, gumu, lina uso wa kukwaruza. Lako ni doa au chunjua?

Zulekha2: Sisi vyote tunaita chunjua, na tunaelewana.

Kamusi_Hai: Mnaelewana mpaka mtu apewe dawa ya chunjua apake kwenye melanoma.

Mtu_Kimya: Samahani, nilikuwa kazini. Liko kwenye wayo wa kushoto, karibu na kisigino. Mwaka hivi sasa. Ni bapa, na nadhani limepanuka: zamani kifutio cha nyuma ya penseli kililifunika, siku hizi linachungulia pembeni. Haliumi, ndiyo maana sikusema. Halafu makovu yangu huwa yanavimba.

Binti_Makini: WAYO? Na ndiyo unatuambia sasa? Sisi weusi melanoma ikitupata, mara nyingi ni nyayo, viganja au chini ya kucha. Bob Marley iligunduliwa kwenye kidole cha mguu 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Kutouma si kinga. Leza usiisogelee.

Zulekha2: Nafuta kauli, kukwangua hapana. Makovu ya kuvimba hupenda kifua, mabega na masikio kuliko nyayo, ila mwambie daktari. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usimfiche.

Fundi_Nyuzi: Bado nasema lote. Likiwa pana mno kushonwa mara moja, hapo atoboe penye weusi mzito, ila tundu la milimita 4 linaweza kukosa penye tatizo. Likija "salama" na doa linaendelea kukua, usikubali yaishie hapo.

Babu_Kijiwe: Bob aliumia mpirani, acheni hizo.

Nilichomwa: Babu, mpira ulimuumiza kidole. Saratani haikuletwa na mpira.

Babu_Kijiwe: Ulikuwepo?

Mtu_Kimya: Jamani, kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Nikishonwa wayo nitakanyaga vipi?

Fundi_Nyuzi: Nyuzi za hapo hukaa wiki mbili, hata zaidi. Tafuta magongo.

Kamusi_Hai: Mikongojo.