Hivi hawa jamaa wa spika za waifai wanatuonaje?

Wakuu, naandika huku masikio bado yanavuma. Wale jamaa mnawajua, sina haja ya kuwataja, wale wa kiboksi cheupe na programu inayojiapdeti usiku usiku kama mwizi. Leo wamenivua nguo.

Nimemlaza mtoto, nikasema niweke sauti ya mvua, chini kabisa. Nabonyeza tu, kumbe programu imejiapdeti, mipangilio yote imerudi mwanzo, sauti iko 100. Mvua gani ile! Gharika! Mtoto kaamka, majirani wameamka, nadhani hata marehemu wamegeukia upande wa pili. Nakimbilia simu nipunguze, programu inaniambia: "Hakuna kifaa kilichopatikana."

Kifaa KIKO MBELE YANGU. Kinanguruma. Vioo vya dirisha vinatetemeka. Halafu naambiwa hakuna kifaa.

Kitufe hakina hata kimoja, maana eti vitufe ni ushamba. Juu kuna sehemu ya kugusa, nikapapasa, nikapigapiga, wapi! Simu inazungusha kiduara: "Inatafuta..." Unatafuta nini? Fuata kelele! Nikachomoa waya ukutani. Kurudisha umeme, kikaendelea palepale kilipoishia, 100 vilevile, na programu bila haya: "Hakuna kifaa kilichopatikana. Je, ungependa kuongeza kifaa kipya?"

Kipya! Sitaki mtu aniambie nizime na kuwasha ruta. Hakuna kifaa kilichopatikana! Mungu anawaona.

Kipaza Mbovu: "Fuata kelele" 😂😂 Nimecheka mpaka watu kazini wananiuliza kuna nini.

Fundi Antena: Pole mkuu. Simu yako itakuwa imehamia mtandao wa wageni, au ruta imewasha ule ulinzi wa kutenganisha vifaa. Programu haina macho. Inapiga ukelele kwenye 224.0.0.251, anwani ya mtandao ambayo vifaa vyote vya nyumbani vinaisikiliza, kifaa kinachosikia kinaitika. Ruta ikizuia ukelele huo, simu haioni kitu, ila muziki unaendelea kwa sababu spika inauchota yenyewe kutoka intaneti, haupitii kwenye simu. Zima huo utenganisho, rudisha simu kwenye mtandao wa spika.

Mtoa mada: Hiyo namba nikipiga anapokea nani? Ruta sijaigusa. Jana inakiona, leo hakuna kifaa kilichopatikana!

Bwana Mdundo: Mtu mzima umepigwa na mvua ya kurekodi. Si ungeifunika na mto?

Mtoa mada: Niliifunika. Mto ukawa unaruka.

Dada wa Albamu: Una nafuu wewe, chako angalau kimepiga kitu ulichochagua. Mimi nyimbo zangu zote za FLAC, yale mafaili yasiyopunguza ubora wa sauti, ziko kwenye diski ya mtandao. Albamu moja ya mkusanyiko imekatwakatwa, kila msanii kapewa albamu yake yenye wimbo mmoja, kisa sehemu ya "msanii wa albamu" iko tupu. Nimejaza faili moja moja mpaka macho yameota kutu. Namaliza, naambiwa wimbo wa 10 unatangulia wa 2.

Kipaza Mbovu: Hukuandika 02 kwenye jina la faili. Yenyewe inasoma herufi kwa herufi, 1 inatangulia 2, basi.

Dada wa Albamu: Kwa hiyo mtambo hauwezi kuhesabu, ila wa kulaumiwa mimi? Nenda huko.

Sebule na Jiko: Niulizeni mimi mwenye spika mbili za kampuni tofauti. Ya jikoni inachelewa kidogo tu, lakini nikisimama mlangoni kila neno naimbiwa mara mbili. Nikiwaandikia wa sebuleni wanasema ni wa jikoni, wa jikoni wanasema ni ruta.

Fundi Antena: Mkuu, kampuni tofauti kila moja inafuata saa yake. Hazitapatana mpaka zitumie mfumo mmoja.

Mzee wa Kaseti: Kaseti haijawahi kuniomba paswedi.

Bwana Mdundo: Ilikuwa inatafuna utepe lakini, mzee.

Mzee wa Kaseti: Unachukua kalamu, unazungusha, unarudi kucheza. Hiyo ndiyo apdeti.

Fundi Antena: Si kila kalamu. Ya mviringo inateleza, inatakiwa yenye pembe sita.

Mzee wa Kaseti: Kijana, nimezungusha na za mviringo kabla hujazaliwa. Unaikaza na kipande cha karatasi.

Kipaza Mbovu: Ndiyo maana 1982 ikaja CD kuwaokoa.

Mzee wa Kaseti: Kuokoa nini? Mkwaruzo mmoja inashikwa na kigugumizi.

Dada wa Albamu: CD hazina shida, shida ni wanaoziazima. Mtu anachukua CD, anakurudishia kava tupu, na bado anakusalimia. Na yumo humuhumu, anajijua.

Bwana Mdundo: Jamani, mimi nilirudisha.

Dada wa Albamu: Nani kakutaja?