Ampu inavuma hata kabla ya wimbo. Ninunue ya nguvu kiasi gani?

Mpangaji_Kireka
Wakubwa, shikamooni. Nina ampu ya zamani na spika mbili za mbao alizoniachia marehemu baba. Zilikaa kwake Jinja miaka mingi, nami nimezileta hapa Kireka ninapopanga. Nikiwasha tu, kabla sijaweka wimbo wowote, spika zinavuma mmmmm bila kukatika. Usiku kukitulia ndiyo balaa. Mama anakuja kunitembelea na najua kitu cha kwanza atakachoniomba: nimpigie nyimbo za baba kwenye spika za baba. Siwezi kumkalisha mbele ya mvumo ule. Nimeshatanguliza pesa kwa muuzaji mmoja mjini aniwekee ampu mpya. Chumba changu si kikubwa. Nichukue ya wati ngapi? Naomba msaada, hata usingizi sipati.

Mama_Zai
Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Lakini mimi nauliza, ada za shule zimelipwa? Vijana wa siku hizi pesa ikiingia mfukoni inatafuta mlango wa kutokea.

Boda_Busia
Kaka, ni simu hiyo! Mimi nilikuwa na redio, kila nikipigiwa inalia tit-tit-tiriti kabla simu haijaita. Nikaipeleka kwa fundi mara kibao, anafungua, anafunga, anachukua hela. Kumbe simu nilikuwa naiweka juu ya redio. Tangu siku ile simu inakaa dirishani na redio iko kimya. Isogeze simu, utanishukuru.

Fundi_wa_Katwe
Boda, mlio wa simu unakatika-katika. Huyu anasema wake haukatiki, hayo ni mambo mawili.

Ndugu wa Kireka, usinunue kitu bado. Nijibu matatu. Ukipandisha sauti, mvumo unapanda nao au unabaki pale pale? Ukichomoa waya zote zinazoingia nyuma ya ampu, ukaacha za spika peke yake, unasikia nini? Na umeunganisha vitu gani?

Mpangaji_Kireka
Fundi, asante. Nimeunganisha simu tu, kwa waya ule wa nyekundu na nyeupe. Mvumo unapanda na sauti. Nimechomoa waya zote, kimya kabisa. Lakini swali langu lilikuwa la wati. Pesa nimeshatoa, na muuzaji alisema harudishi.

Fundi_wa_Katwe
Basi ampu ya baba ni nzima! Sikilizeni, maana watu wengi wanatupa vyombo vizuri kwa hili. Umeme wetu ni wa volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kapasita kubwa za ndani, vile vikopo vya kutuliza umeme, zikichoka, mara nyingi utasikia mlio wa mizunguko 100, mkali kidogo, na unabaki hivyo hivyo hata sauti ukiishusha mpaka mwisho. Ule unaopanda na kushuka pamoja na sauti umeingia kabla ya kitasa cha sauti, yaani umeletwa na waya za nyuma. Ukinunua ampu mpya na kuichomeka waya zile zile, inaweza kuvuma vile vile.

Lakini simu iliyochomekwa peke yake, haiko kwenye chaji, hainipi mvumo wa namna hiyo. Na umesema "waya zote". Zote zipi?

Askari_Mstaafu
Jinja umenikumbusha mbali. Nilikuwa kambini pale kijana mdogo, Kiswahili changu chote nilikipata huko. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na wazee waliofanya kazi pale walikuwa na redio kubwa za mbao kila nyumba. Jumapili unapita mtaani unasikia rumba ya Kongo kutoka mlango huu mpaka ule, huhitaji redio yako. Sauti nzito, tamu, si hizi za plastiki za leo. Kijana, usiuze spika za baba yako hata ukiona njaa.

Jicho_la_Mbale
Mimi simwamini huyu. Simu moja ina "waya zote"? Marehemu baba, mama yuko njiani, pesa imeshatolewa, muuzaji wa mjini. Kesho kutwa ataingia mtu mwingine kusema "hata mimi nilinunua kwa muuzaji huyo, ni mzuri sana", na namba ya duka itafuata. Ni hadithi ya kutunga, tunatumiwa kama soko.

Boda_Busia
Ehe! Hata mimi nilishangaa. Mtu haulizi kwa nini inavuma, anauliza wati.

Mama_Zai
Kama ameutunga msiba wa baba yake, Mungu anamwona. Mimi nilishampa pole.

Mpangaji_Kireka
Baba yangu alifariki, na sitamjibu mtu juu ya hilo tena. Duka sijalitaja na sitalitaja.

Haya. Kuna televisheni pia. Sauti yake inaingia kwenye ampu. Sikusema kwa sababu picha naipata kwa jirani, amevuta waya kutoka kwenye dikoda yake kupitia darini, tunachangia malipo ya mwezi. Sikutaka mambo yake yajulikane. Na fundi wa mtaani alishakuja, akakata waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini, kwenye plagi ya ampu, mvumo ukapungua nusu. Kwa hiyo ethi haihusiki tena, imebaki ile nusu. Ampu ukiigusa inatekenya vidole kidogo tu, na mtoto tumemkataza kuisogelea.

Fundi_wa_Katwe
Zima ampu. Chomoa plagi ukutani sasa hivi, halafu ndiyo usome.

Jirani ana Yaka yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na wewe una yako?

Mpangaji_Kireka
Nimechomoa. Ndiyo, kila mtu na Yaka yake.

Fundi_wa_Katwe
Mvumo wako huo hapo. Ethi ya jirani na ethi yako hazilingani sawasawa. Ule waya wa darini una nyavu ya shaba kwa nje, na nyavu hiyo imeunganisha nyumba zenu mbili: inaingia kwenye televisheni, inapita waya wa sauti, inafika kwenye ampu, inarudi ardhini kwa ethi ya plagi yako. Umeme mdogo unazunguka njia hiyo na spika zinauimba.

Yule aliyekukatia ethi aliukata mzunguko upande usiofaa. Huko kutekenya ni umeme unaovuja kwenye mwili wa chuma wa ampu bila njia nzuri ya kushuka. Sasa hivi waya wa jirani ndio ethi yako ya pekee! Ungeuchomoa huku ampu inawaka, kutekenya kungezidi. Na siku waya wa ndani ukiachia ukagusa chuma, mwili wote ni volti 240, fyuzi inaweza isikatike kwa sababu umeme hauna njia nzuri ya kushuka, mpaka atokee mtu wa kuushika. Mtoto wa kukatazwa ni mtoto bado.

Fanya hivi. Plagi ikiwa nje, toa waya wa jirani kwenye televisheni. Rudisha ule waya wa kijani wenye mstari wa njano kwenye pini ndefu ya plagi. Mwite fundi mwenye kipimo aangalie kama soketi yako ina ethi ya kweli, maana nyumba nyingi za kupanga tundu lipo na waya haupo. Ampu na televisheni zichomeke kwenye ekstensheni moja. Hapo ndipo uwashe.

Jicho_la_Mbale
Haya maelezo ya waya wa darini mtu hayatungi. Nimekubali. Ila ungesema mapema, ndugu.

Mpangaji_Kireka
Nimerudi. Fundi mwingine amekuja na kipimo. Soketi ya sebuleni ethi yake ilikuwa imelegea nyuma ya ukuta, ameibana. Plagi imerudishwa kama zamani. Waya wa jirani uko nje. Nimewasha, nimepandisha sauti mpaka juu bila wimbo, nimeweka sikio kwenye spika: pumzi tu ya mbali. Na haitekenyi.

Sasa televisheni haina picha na nyumbani wananinunia. Nikiurudisha waya wa jirani?

Fundi_wa_Katwe
Mvumo utarudi. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa pale waya unapoingia kwenye televisheni, kinapitisha picha na kukata ile njia ya ethi. Waulize wanaofunga madishi. Ukikikosa, acha televisheni itumie sauti yake yenyewe, usiiunganishe na ampu. Ethi usiiguse tena.

Mama_Zai
Na muuzaji arudishe hela ya watu. Nenda na mtu mzima.

Mpangaji_Kireka
Harudishi, Mama. Nafikiri nitaichukua tu ile mpya, nimpelekee mdogo wangu.

Boda_Busia
Mdogo wako yuko wapi? Mimi niko Busia, naweza kuinunua kwako.