Tupeane uzoefu: koo likivimba, ulijuaje kwamba hapa sasa ni hospitali?

Mama Wawili
Habari za usiku wapendwa. Mwanangu ana miaka 6, tangu juzi analia koo. Leo nimemmulika na tochi ya simu: tonses nyekundu, zimevimba mpaka zinakaribia kugusana, zina madoa meupe kama maziwa ya mgando. Homa ipo, kikohozi hakuna, mafua hakuna. Bibi yake anasema nimsukutulishe maji ya chumvi nisubiri. Nyie mlisubiri mpaka lini?

Fundi Rangi
Dada, umenirudisha 2019, nipo saiti Kibaha. Lilinianza kushoto tu. Nikanunua amoksilini duka la dawa, siku ya pili nikaona nafuu, nikaacha, vidonge vingine nikatunza. Siku nne mbele likarudi, na safari hii sikio la upande huohuo linachoma. Mdomo ukagoma kufunguka, hata kijiko cha chai hakipiti kwenye meno. Mate hayamezeki. Nililala nimekaa, kopo la rangi mapajani, natema tu. Nampigia mama, akauliza, "We nani una simu ya mwanangu?" Sauti yangu hakuijua.

Kulipokucha jirani akanipakia bodaboda. Daktari akasema usaha umejikusanya nyuma ya tonsi, umekisukuma kimio upande wa pili. Akanipulizia ganzi, akachoma sindano nene, akavuta. Bomba likajaa usaha. Ile ladha sijaisahau mpaka leo. Baada ya muda mfupi nikanywa glasi nzima ya maji, nikalia kama mtoto. Nililazwa siku tatu. Akaniambia ningezidi kuchelewa, usaha ungeweza kushuka shingoni au kuziba njia ya hewa.

Shuwea
Hilo la sauti kubadilika ni kweli kabisa. Mume wangu alianza hivyohivyo. Pole sana.

Mzee Mavuno
Hayo yote ni kimio. Watoto wangu wanne walikatwa kimio wakiwa wadogo, hawajui koo.

Nesi Mstaafu
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo nakukatalia. Nimepokea zamu ya usiku kichanga kimekatwa kimio nyumbani, khanga ya mama imelowa damu. Kisu kimoja kinapita kwa watoto wangapi? Na tonses kimio hakizizuii.

Mzee Mavuno
Marahaba. Wakati huo zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Usituseme kama tuliwachukia watoto wetu.

Nesi Mstaafu
Sikusema hivyo baba, nisamehe. Nasema leo.

Kijana wa Soko
Chovya kidole kwenye chumvi, zisugue tonses mpaka zitoke damu. Bibi alitufanyia, dawa kabisa.

Shuwea
Usithubutu! Unamwongezea kidonda. Tangawizi, limau na asali vinatosha.

Binti Pangani
Nimesoma yote nimekaa kimya, naomba niseme. Dada yangu tonses zilimsumbua sana darasa la tatu, zikapona zenyewe, hakuna aliyempeleka popote. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapoa, kikavimba kifundo cha mguu. Tukasema anakua. Akiwa na miaka 17 akawa anahema kwa kupanda ngazi za shule, usiku analalia mito mitatu. Kipimo cha moyo kikaonyesha valvu, kile kilango cha damu ndani ya moyo, imeharibika. Sasa kila baada ya wiki nne anachomwa sindano ya penisilini. Mlango wa kliniki tunaujua kuliko wa shangazi.

Kijana wa Soko
Koo mpaka moyo? Kivipi?

Nesi Mstaafu
Kuna bakteria wa koo ambao mwili ukipambana nao unakosea, unashambulia viungo na moyo wake wenyewe. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Ndiyo maana dozi ni siku 10 kamili, au sindano moja ya benzathini, penisilini inayokaa mwilini muda mrefu.

Fundi Rangi
Basi kila koo amoksilini, yaishe.

Nesi Mstaafu
Hapana! Makoo mengi ni virusi. Likija na mafua, kikohozi na sauti kukauka, mara nyingi huisha ndani ya wiki moja kwa maji na panadoli. La mtoto huyu haliko hivyo. Mama Wawili, anahemaje? Udenda unamtoka? Mdomo unafunguka? Chini ya taya je?

Mama Wawili
Anahema vizuri, udenda hautoki, mdomo unafunguka. Maji anakunywa kidogokidogo. Chini ya taya kuna vivimbe viwili, nikivigusa anaruka.

Nesi Mstaafu
Mpe panadoli kwa uzito wake, asubuhi mapema zahanati. Ila akianza kudondosha udenda, kuhema kwa sauti, au kushindwa hata maji, usingoje kuche.

Mama Wawili
Kilo 19. Nimelala naye, mkono wangu uko kifuani kwake. Bibi yake ameshatoa kitenge cha kumbebea.

Binti Pangani
Na wakikupa dawa, dada, zimalize zote.

Fundi Rangi
Tupe habari mkifika.