Sherehe ya matikiti Luling, Texas: niende na watoto?

MamaZ_Houston: Habari zenu wandugu. Nasikia kila mwisho wa mwezi wa sita pale Luling wanafanya Watermelon Thump, sherehe ya matikiti maji. Kutoka huku ni zaidi ya saa mbili barabarani na nina watoto wadogo, aliyewahi kwenda anishauri jamani.

Kijana_wa_Tanga: Nenda dada, mimi naipenda mno ile kitu. Ipo tangu 1954, mji wenyewe mdogo lakini siku hizo unafurika, kuna gwaride, muziki, mnada wa matikiti makubwa ya wakulima, ila usikose mashindano ya kutema mbegu, mtu anavuta pumzi anakunja ulimi, puu! watu mbio kupima. 1989 pale pale mbegu ilifika futi 68 na ushee, karibu mita 21 hizo!

mkulima254: Joto la Texas mwezi huo si mchezo, beba kofia na maji mengi. Na ukinunua tikiti usidanganyike na linalong'aa, ligeuze uone pale lilipolalia udongo, doa likiwa la njano iliyokolea limeivia shambani, likiwa jeupe achana nalo.

MamaZ_Houston: Asanteni sana, hilo la doa sikulijua. Watoto wataona nini kingine?

Kijana_wa_Tanga: Waambie waangalie juu mkiingia mjini, tangi la maji limepakwa rangi kama tikiti, na zile pampu za kuvuta mafuta ardhini zilizo mitaani zimepambwa kwa mapicha. Watafurahi sana.