MJADALA: Ada ya lango la Karura ibaki msituni, iende Hazina, au ipunguzwe?

Mleta mada
Wadau, Karura ni msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti humo kupinga ugawaji wa viwanja. Kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia, hadi kilipoundwa chama cha marafiki wa msitu mwaka 2009 na uzio wa umeme ukazungushwa. Chama hicho kimekuwa kikiusimamia pamoja na KFS, shirika la serikali la misitu, na ada ya lango ndiyo imekuwa ikilipa walinzi na vibarua. Mwaka 2025 KFS ikaagiza malipo yapitie eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, ubishi ukafika mahakamani. Kesi tuwaachie majaji. Swali langu ni la sera: shilingi ya mgeni ikishalipwa langoni, iende wapi?

Fundi wa vijia
Ibaki msituni, na sababu yangu ni maji. Udongo wa Karura ni mwekundu, mzito, wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza, na mtu akiona tope hupita pembeni. Wakipita mia, kijia cha mita moja na nusu kimekuwa cha mita nne na miche ya kandokando imekufa.

Kuzuia hilo ni kazi rahisi ikifanywa mapema. Kijia kinachokata ubavu wa kilima kisipande kwa zaidi ya nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe, na kwa wastani kisizidi asilimia 10. Uso wake uinamishwe upande wa bondeni kwa asilimia 3 hadi 5, maji yavuke badala ya kufuata njia. Wengi hulaza magogo kukinga maji. Gogo hujaa mchanga upesi, maji yakaliruka na kuchimba shimo chini yake. Afadhali kijia kishuke kidogo kisha kipande tena, maji yatokee pale penye bonde dogo.

Hayo ni majembe, sururu na vibarua wachache kwa siku mbili tatu, mwezi wa Februari. Ukichelewa, masika ya Machi hadi Mei yanakata mfereji, na hapo unatafuta trekta, moramu na kalavati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mgao hutoka kwa awamu, mara nyingi kwa kuchelewa. Fedha ya Februari ikifika Juni, imefika kuzika.

Mkaguzi wa hesabu
Ndugu Fundi, kuhusu maji sikupingi. Ninapokataa ni pale unaporuka kutoka kwenye mfereji hadi kwenye nani ashike mfuko. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema msitu wa serikali ni ardhi ya umma. Kifungu cha 206 kinataka fedha za serikali ya kitaifa ziingie Mfuko Mkuu wa serikali, lakini kinaruhusu sheria iiachie taasisi iliyozikusanya izitumie kwa gharama zake. Kwa hiyo kulipia eCitizen hakuzuii fedha kurudi Karura. Risiti ya kidijitali ni jambo jema, kwani fedha taslimu langoni huvuja. Kinachokosekana ni kanuni inayotaja kiasi gani kinarudi, na baada ya siku ngapi.

Tena, Karura ina majirani wenye uwezo wa kuchangia. Msitu wa Ngong Road hauna bahati hiyo, na barabara imekwisha kuukata. Kila msitu ukila chake, huo utatengenezwa na nani?

Jirani wa msitu
Mnazungumzia fedha zinakokwenda, hamjagusa zinakotoka. Tuseme ada ni shilingi 100 kwa mtu mzima. Baba, mama na bibi ni 300 kabla ya watoto, na nauli ya matatu kwenda na kurudi bado. Kwa kibarua hiyo ni sehemu kubwa ya ujira wa siku. Wekeni siku moja kwa mwezi bila ada, na pasi ya mwaka ya bei nafuu kwa sisi tunaopakana na uzio.

Na mwenye kiti cha magurudumu je? Mteremko wake usizidi moja kwa 12, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Njia iwe imeshindiliwa, upana mita moja na nusu viti viwili vipishane. Kilomita mbili tu za namna hiyo karibu na lango zingetosha kuanzia. Mara nyingi nguzo za kuzuia pikipiki hubanwa mno, na kiti nacho kinakwama. Achieni sentimita 90.

Fundi wa vijia
Dada Jirani, nguzo hizo ni marekebisho ya asubuhi moja, na umenishinda kwa haki. Mkaguzi, nakubali eCitizen kwa sharti moja: sehemu ya kila msitu irudi ndani ya siku 30, na Karura ichangie asilimia fulani kwa msitu usio na wageni. Asilimia hiyo ijadiliwe hadharani, pamoja na chama cha jamii kinachotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016.

Mkaguzi wa hesabu
Siku 30 naziunga mkono. Ongeza hili: hesabu ya kila mwezi ibandikwe langoni, mapato upande mmoja, mita za kijia zilizotengenezwa upande wa pili. Sasa nani ataje asilimia ya kuanzia?