"Put off": kuahirisha, au kumkata mtu hamu?

SWALI
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kamusi inasema "put off" ni kuahirisha, lakini nimekutana na sentensi hii: "The smell put me off my food." Kimeahirishwa nini hapo? Na je, "put off it" ni sahihi?

JIBU
Mkuu, angalia yambwa, yaani kile au yule anayetendwa. Ikiwa ni shughuli, ni kuahirisha: "They put off the exam until Monday", yaani mtihani utafanyika Jumatatu. Ikiwa ni mtu, mara nyingi ni kumkata hamu. Hiyo harufu ilimfanya asitamani tena kula.

"Put off it" si sahihi. Kiwakilishi lazima kikae katikati: "put it off". Nomino huwa na uhuru: "put the exam off" au "put off the exam". Ila ikiwa ndefu, iache mwishoni, la sivyo "off" inapotelea mbali na msomaji anasahau kitenzi.

JIBU
Naongezea. Kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "Don't put off seeing the doctor", kamwe si "put off to see".

Pia kuna "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Usaili umesogezwa wiki moja tu, wewe ukaandika "the interview has been called off": msailiwa hatatokea, na hana kosa.

JIBU
Mtego mkubwa kwetu naona ni "kusogeza mbele". Mkutano wa saa nne asubuhi ukisogezwa mbele, sisi tunaelewa utachelewa, labda hadi saa sita. Sasa mtu akitafsiri neno kwa neno anaandika "brought forward", na kwa Kiingereza hiyo ni kuwahisha! Wenzake watafika saa mbili, wakute ukumbi umefungwa. Aandike "put off until 12" au "put back to 12". Saa itajwe kila mara, maana ndiyo inayoondoa utata.

MUULIZAJI
Nimeelewa, asanteni sana. Na "put off the lights"?

JIBU
Utaisikia sana katika Kiingereza cha Afrika, lakini kwenye maandishi rasmi andika "turn off" au "switch off". Nguo nazo, kinyume cha "put on" ni "take off". "Put off your shoes" iepuke.