Nakivubo: bonde la mpira au bonde la maji? Tubishane

Muuza Jezi wa Owino

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Hapa soko la Owino tumebishana siku tatu mfululizo mpaka jirani yangu wa viatu ameninunia, basi nimeona nilete kesi kwenu. Uwanja wa mpira ubaki Nakivubo katikati ya Kampala, au mechi zote za maana zihamie Namboole, uwanja wa taifa kule Bweyogerere nje ya mji, na lile bonde liachiwe maji yake? Na kuna la pili, ambalo ndilo linalonikera zaidi: jambo kama hili, aliyepaswa kuliamua ni nani?

Kwa walio mbali: Nakivubo iko chini kabisa bondeni. Huku Owino, kule Kisenyi, na ukirusha jiwe linaangukia stendi ya zamani ya taksi. Uwanja upo tangu miaka ya 1920, ukaja kuwa kumbukumbu ya askari wetu waliokufa kwenye vita vya dunia. 2017 kazi ya kuujenga upya ikaanza chini ya mfanyabiashara Hamis Kiggundu, maduka yakauzunguka pande zote, 2024 ukafunguliwa. Siku hizi unaitwa Hamz, ila mwambie kondakta "Hamz" uone atakavyokutazama. Ubavuni mwake unapita mfereji unaobeba maji ya vilima vya katikati ya mji, kwenda kwenye kinamasi, kisha Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo ndiyo Ggaba wanakochota maji yetu ya bomba.

2025 ukaja mpango wa kuufunika mfereji na kujenga maduka juu yake. Agosti Rais Museveni akaandika barua ya kuuunga mkono. Meya Mkuu Erias Lukwago akaupinga hadharani. Sisi wauzaji tukagawanyika. Tarehe 31 Oktoba mvua ikanyesha, bonde likafurika.

Niseme mapema kwamba mimi ni wa Nakivubo. Siku ya mechi nafunga lokapu, duka langu, saa tisa na nusu, natembea dakika nne, nipo getini. Wapo wasukuma mikokoteni wanaoacha mkokoteni kwa mwenzao na kuingia na jasho lao. Yule mtu hana nauli ya kwenda Bweyogerere na kurudi. Ukimhamishia mpira, umemnyang'anya.

Namboole naipenda pia, msinielewe vibaya. Siku Cranes, timu yetu ya taifa, walipotoka 3–3 na Afrika Kusini kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 18, 2025, nilikuwepo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini kurudi! Saa nne na nusu usiku watu elfu na elfu barabara ya Jinja, taksi hakuna, wa bodaboda ananitajia elfu kumi na tano kana kwamba ananipeleka Mbale. Nilitembea mpaka Banda.

Haya, nipigeni.

Dereva wa Northern Bypass

Muuza Jezi, umetembea usiku mmoja ukaleta malalamiko. Mimi nakuuliza swali la mtu mzima: watu wakitoka Nakivubo kwa hofu, wanakimbilia wapi? Kulia maduka, kushoto maduka, mbele wachuuzi wamepanga bidhaa chini. Owino iliungua 2009, ikaungua tena 2011, na gari la zimamoto kuingia mle ilikuwa ni kusukumana na mabanda. Sasa ongeza na mashabiki.

Namboole ilijengwa kwa msaada wa Wachina, ikafunguliwa 1997, ina ardhi, na Northern Bypass, barabara inayoupita mji pembeni, inaanzia pale pale. Ukitoka Mukono unafika, ukitoka barabara ya Hoima unafika bila kuugusa mji. Uwanja wa taifa hauwekwi kwenye tundu la sindano eti kwa sababu wewe una duka karibu.

Mkongo wa Kisenyi

Mimi naangalia mpira kutoka kwa dirisha ya rafiki yangu ghorofa ya tatu. Musihamishe.

Mama wa Kikuubo

Nyinyi wanaume mnazungumza mpira, mimi nazungumza maji. Niwaambie yalivyoingia dukani kwangu siku ile. Hayakuja na kelele. Nilisikia miguu imelowa, nikadhani msichana amemwaga jeri la maji. Kutazama chini, sakafu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na inapanda. Katoni ya chini ya sabuni ililainika, ikapasuka, sabuni zikaanza kuelea. Dakika chache maji yamefika magotini. Juu ya maji zinapita chupa, soli za viatu, panya mmoja amepanda juu ya kipande cha godoro kama abiria. Mteja wangu kutoka Arua alikuwa amekwisha kulipa. Mzigo wake ulilowa wote mbele ya macho yake, na tukabaki tunatazamana, nani abebe hasara.

Kwa hiyo mkisema "ubaki" au "uhame", mimi nauliza: maji yanapita wapi? Likipatikana jibu la hilo, chezeni mpira hata juu ya paa.

Dereva wa Northern Bypass

Umeona? Mama amemaliza. Bonde ni la maji. Ondoeni uwanja, panueni mfereji.

Muuza Jezi wa Owino

Pole sana mama. Kwangu pia yaliingia. Jezi za watoto za Cranes, zile za manjano, zilitoka zote kahawia, nimeziuza kwa bei ya matambara.

Lakini Dereva, tuwe wa haki. Machi 26, 2025, miezi kadhaa kabla ya huo mpango wa kufunika mfereji, mvua ilifurika Kampala na watu saba wakafa. Bonde hili lilifurika tukiwa watoto. Kila kilima kimeezekwa mabati na kumwagwa lami, maji hayana pa kuzama, kinamasi cha chini kimejazwa udongo na nyumba, na mifereji tunaijaza kaveera, mifuko ya plastiki, sisi wenyewe. Ukiuvunja uwanja leo, kesho patajengwa ghorofa ya maduka, na maji yatakuja vilevile. Nyasi za uwanja angalau ni sehemu iliyo wazi. Ninachokataa ni kuminya mfereji. Hayo ni mambo mawili, na watu wanayachanganya makusudi.

Mstaafu wa Manispaa

Vijana, nimewasoma. Niingie kwenye lile swali la pili, maana mmeliruka.

Nilifanya kazi kwenye ramani za mji wakati bado ni Halmashauri. Ikaja sheria ya KCCA, mamlaka ya jiji, ya 2010. Meya Mkuu mnampigia kura nyinyi, ila mwendesha ofisi ni Mkurugenzi Mtendaji, anayeteuliwa na Rais, na juu yake kuna Waziri wa Kampala, naye wa Rais. Lukwago aliingia 2011, kabla ya miaka mitatu kwisha madiwani wakamwondoa, Novemba 2013, mkamrudisha kwa kura 2016 na tena 2021. Watu wanasema ni mgomvi. Labda. Lakini mtu uliyempa kiti bila mikono, atafanya nini zaidi ya kupaza sauti?

Sasa tazameni mfereji. Fundi anataka kujua idhini ya ujenzi iko wapi, ripoti ya mazingira iko wapi, vipimo vya maji vya mvua kubwa ni vipi. Hayo yanapaswa kukaa mezani kabla tingatinga halijawashwa. Barua ya Ikulu ikitangulia, nani katika ofisi zile ataandika "hapana"? Nimewahi kukaa kiti hicho. Unaandika "tumepokea".

Dereva wa Northern Bypass

Mzee, shikamoo. Lakini na hao mameya, wangepewa mikono, si wangeuza mji wote? Kuna wakati amri kutoka juu ndiyo inayosogeza kazi. Namboole ilipokarabatiwa kabla ya CHAN, wahandisi wa jeshi waliingia, kazi ikaonekana.

Mwana wa Lango

Nyinyi mna viwanja viwili mnagombana. John Akii-Bua alileta dhahabu ya Olimpiki 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Uwanja wenye jina lake hapa Lira tumeahidiwa miaka na miaka. Hoima wamejengewa wa watu 20,000 kwa ajili ya AFCON 2027, Waturuki wakaumaliza haraka kama nyumba ya harusi. Nani aliamua? Msiniulize.

Muuza Jezi wa Owino

Ndugu wa Lango, umenichoma mahali penyewe. Hoima siwaonei wivu, ila jibu la "nani aliamua" ni lilelile.

Mzee Mstaafu, marahaba ya Dereva nakuachia wewe, mimi nachukua neno lako "tumepokea". Dereva anasema meya angeuza mji. Inawezekana. Lakini meya akiuza, baada ya miaka mitano namsubiri kwenye sanduku la kura. Mwandika "tumepokea" namsubiri wapi? Mama wa Kikuubo akibeba zile sabuni zilizolowa, mlango upi atagonga? KCCA watasema ni mwekezaji, mwekezaji atasema ana barua, meya atasema nilipinga. Kila mmoja atakuwa anasema kweli.

Nakivubo ibaki, mimi sijabadilika. Mfereji uachwe wazi, na wachuuzi wa getini waache njia ya kutosha gari la zimamoto. Hapo Dereva nimekupa, hata kama meza ya shemeji yangu ni ya kwanza kuondoka.

Mama wa Kikuubo

Na yule wa Arua? Tuligawana nusu kwa nusu. Mwezi uliopita amerudi, ananunua, lakini siku hizi anauliza kwanza kama mvua inakuja.

Muuza Jezi wa Owino

Mwambie anunue haraka. Mawingu yamekaa upande wa ziwa tangu saa nane, na hapa kila mtu ananyanyua katoni za chini kuziweka rafu ya juu. Hata jirani wa viatu amekuja kuniazima ngazi. Nitawajibu waliobaki usiku.